Tovuti Moja Tu

"Andika nilivyokwambia," Anaeli alisema. "Tovuti hiyo ifungwe."

Eliona aliondoa mikono kwenye kibodi. Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na kompyuta kuukuu ya Linux, akiigeuza kuwa proksi ya mgahawa wa intaneti wa binamu yake Anaeli, pale Rau. Laini ya intaneti ya dishi ilikuwa ikijikokota. Kuanzia leo mashine zote za wateja zingeingia mtandaoni kupitia hii moja, nayo ingekataa kila tovuti iliyopigwa marufuku.

Za picha chafu alikuwa ameshazizuia. Sasa Anaeli alitaka aongeze tovuti ndogo ya barua pepe, ambayo hakuna mteja aliyeitumia isipokuwa mama yake. Ndiko zilikoingia barua za Godlove, mdogo wake Anaeli, aliyekwenda Ufini kusoma.

"Mama yako anashuka kwa miguu kutoka Old Moshi kila Jumamosi aje asomewe!" Eliona alifoka. "Una roho gani wewe?"

"Funga."

"Godlove hajakanyaga nyumbani miaka mitano, lakini anamuulizia mpaka yule ndama aliyezaliwa Januari! Wewe uliye hapa umemuulizia lini? Huo ni wivu tu."

Anaeli alipiga meza kwa kiganja, kipanya kikaanguka sakafuni.

"Mashine ni yangu, laini ni yangu! Funga au uondoke!"

"Basi funga mwenyewe. Mimi simo."

Anaeli akavuta kiti. Akaandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. Kisha akaiwasha proksi upya na kubaki ameitumbulia macho skrini.

Alikuwa bado hapo mama yake, Aikande, alipoingia akijifuta vumbi miguuni.

"Shikamoo, mama mkubwa," Eliona alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nisomee. Kaandika nini leo?"

Eliona alijaribu mashine ya kwanza, akajaribu ya pili. Zote zilileta ukurasa ule ule mweupe: hairuhusiwi.

"Haifunguki, mama mkubwa. Anaeli ameifunga kwa mkono wake mwenyewe. Hataki usomewe barua za Godlove tena. Muulize, yule pale!"

Anaeli hakugeuka. Aikande aliutazama mgongo wa mwanawe, akashusha pumzi kama mtu anayetua mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Afadhali," alisema taratibu. "Godlove nilishamlilia mwaka juzi, peke yangu mgombani, siku mchungaji aliponiambia wamemzika huko huko. Hapa nilikuwa nakuja kwa ajili ya huyu kaka yake, aliyekuwa akiniandikia kwa jina lake."