Nyuma Kidogo

"Rudisha nyuma kidogo," alisema daktari wa upasuaji, kisu mkononi.

Daktari wa usingizi, binti bado kijana, aliushika mrija uliotoka mdomoni mwa mgonjwa, akauvuta. Ndiyo kazi yake. Mzee wa watu amepumulia mashine wiki nyingi, leo anatobolewa shingo apumulie hapo, na mrija wa zamani lazima usogee kupisha kisu. Usogee, usitoke. Kidogo ya binti yule ikazidi. Mrija ukachomoka kooni.

Basi tena. Akajaribu kuurudisha, koo limevimba, haoni njia. Akambandika barakoa usoni, akaminya mfuko wa hewa, haiingii. Oksijeni kwenye skrini inashuka, mashine inalia, mpasuaji anakata kwa pupa na damu inamziba macho. Tundu lilipopatikana, moyo ulikuwa umeshasimama. Walimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Hakurudi.

Walipokuwa wakinawa, mpasuaji alimsemesha binti kwa upole, kama mtu na mdogo wake.

"Moyo wake ulikuwa umechoka. Ndivyo nitakavyomwambia mkewe, na wewe usijitie kimbelembele. Unataka unga wako umwagike?"

"Moyo wake ulikuwa mzima, kaka."

"Nenda kanywe chai."

Chai gani? Alisimama mlangoni akatazama mpasuaji akimpa mama wa watu habari, pale kwenye benchi lililogeuka nyumba yake tangu mumewe alazwe. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilijua. Nilijua mimi."

Anajua, binti akawaza. Labda alichungulia. Labda kuna aliyemnong'oneza. Kazi aliyoisomea ujana wake wote, kwisha. Kila atakapopita atanyooshewa kidole, yule ndiye. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na miguu yake ilikwishageukia huko. Lakini akitoka, huo usingizi anaowapa wenzake yeye ataupata wapi? Aliona haya, haya ya kweli. Akajikaza kisabuni, akaenda kuketi kando ya yule mama.

"Mama, pole."

Mama hakuinua kichwa. "Ulikuwemo ndani?"

"Nilikuwemo."

"Alianza kuzidiwa wakati gani? Mlipofunga tu mlango, au baadaye?"

Hayo ni maswali ya mtu anayekwenda kushtaki, na haki anayo.

"Hatukukaa sana. Mama, moyo wake haukuchoka. Mimi ndiye niliyeushika mrija wa hewa. Niliuvuta ukapita kiasi, ukatoka, nikashindwa kuurudisha. Amekosa hewa mikononi mwangu. Nishtaki, nitukane, sitakataa neno."

Mama alimgeukia taratibu. Mkono wake ukainuka, na binti akafumba macho kungoja kofi.

Mkono ulimshika shavu.

"Ni mrija?" mama aliuliza. "Una hakika, mwanangu? Ni mrija, si kitu kingine?"

"Ni mrija, mama. Ni mimi."

Mama akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu zote alizobakiza, analia kama aliyetuliwa mzigo.

"Asante," alisema. "Walipofunga ule mlango nilipiga magoti hapa, nikamwomba Mungu amchukue, maana nimechoka kumuuguza. Nikadhani amenisikia."