Chumvi Waliyobeba Sisimizi

Adhuhuri, jua la Sinai lilipowafukuza hata mijusi, sisimizi wa rangi ya fedha walitoka mchangani. Huwa na dakika chache tu za kutafuta riziki, nao hukimbia kama wanaokanyaga makaa.

Nilikuwa nikiwastaajabia, mpaka nilipoona wanachobeba. Mkate.

Ulikuwa wangu, niliouoka majivuni asubuhi nikamkaribisha mgeni aliyepita na ngamia wake. Alijiita Suweilim. "Ukioka hivi, ndugu yangu, mke wa nini?" alinitania, akijifuta midomo.

Sasa amelala kivulini, na sisimizi wanauchimbua chini ya mkeka wake, vipande vizima, havijaguswa na jino.

Kwetu, waliokula chumvi pamoja hawauani kwa siku tatu. Anayefukia mkate wenye chumvi ya mwenyeji wake ana lake jambo. Nami niliua mtu miaka saba iliyopita, na ndugu zake hawajanisamehe.

Nilimrukia. Kumbe hakuwa amelala. Jambia lake likanipasua shavu. Nikamvunja vidole, nikamkalia kifuani, kisu changu shingoni mwake.

"Nani wake wewe, yule niliyemuua?"

"Mdogo wake. Wengine wamekufa, nimebaki peke yangu."

Nikachota mkate pamoja na mchanga na sisimizi wake, nikamshindilia kinywani. "Meza! Meza, mwana wa watu, tuishi sote!"

Alitafuna polepole, akinitazama. Kisha akanitemea usoni.

Chumvi ikanichoma macho, nikawa sioni. Lakini koo lake nilikuwa nimeshalishika, na kisu hakikuhitaji macho.