Mkono Karibu na Shavu

Bi Tatu mpiga picha aliwaketisha wachumba mbele ya pazia la buluu: Sikudhani, binti wa fundi cherehani wa mtaani, na Hemedi, aliyevaa suti mpya. Harusi ilikuwa imekaribia. Bi Tatu akachukua kipimamwanga chake, kidude kinachotosha kiganjani, akakisogeza kwenye shavu la binti apime mwanga uliomwangukia usoni.

Sikudhani akafumba macho, akajikunja na kujikinga kwa mkono.

Watoto huwa wanakicheka kidude hicho, na wazee hukiulizia. Hakuna aliyewahi kukiogopa hata akajikinga.

“Huyu mwoga tu,” Hemedi akasema huku akicheka. “Kaa vizuri, wewe. Unanitia aibu.”

Binti akakaa vizuri na kutabasamu upesi, kama aliyeamriwa.

Bi Tatu akaitazama sindano ya kipimamwanga. Mwanga ulitosha kabisa.

“Mwanga hautoshi,” akasema. “Baba, nisubiri barazani. Nitaanza na bibi harusi peke yake.”

“Mbona mimi naona unatosha?”

“Anayepima ni mimi.”

Hemedi akatoka shingo upande. Bi Tatu akafunga mlango kwa komeo, akachuchumaa mbele ya binti, viganja vyake vikiwa wazi magotini.

“Mwanangu,” akanong'ona, “nani amekuzoesha kujikinga hivyo?”

Sikudhani akautazama mlango. Viatu vya Hemedi vilisikika barazani, vikienda na kurudi. Kisha binti akaanza kufungua vifungo vya mkono wa gauni lake, kimoja kimoja.