Kipimo cha Sanduku la Katuni

Siku hizo thamani ya kitu cha kale ilipimwa kwa kipigo: mthamini wa serikali alimchapa mwenye mali mpaka akiachie, na kadiri alivyostahimili ndivyo thamani ilivyopanda. Shekue alikuwa na sanduku la vitabu vya katuni alivyovikusanya tangu ujana. Alilikumbatia sebuleni, mkewe Chiku akiwa amesimama mlangoni.

"Ukichoka liachie tu, baba," alisema Bi Felista, mthamini, akainua rungu.

Pigo la kwanza lilimvunja kidole. La pili lilimpasua juu ya jicho, damu ikachuruzika hadi kwenye majalada. Shekue aliuma meno, hakuachia.

"Mume wangu, ni makaratasi hayo," Chiku alilia.

Pigo la tatu lilipomvunja ubavu, ko, Bi Felista akasita mwenyewe.

"Inatosha. Sijawahi kuona mali ya thamani hii," alisema, akilifuta rungu. Kisha akamtazama Chiku. "Wengine hupimisha na thamani ya wake zao: huwakumbatia hivyo hivyo, nami nawachapa. Wewe je?"

Shekue alimwangalia mkewe kwa jicho lililobaki wazi.

"Hapana," akasema, akalivuta sanduku karibu.

Chiku akaenda kuchemsha maji ya kumkanda, asijue kama amenusuriwa kupimwa kama mali au amedharauliwa.