Chupa ya Marehemu Amour

"Pole mama, vitu za maji haziingii huku ndani."

Clifford, mlinzi wa lango la mashindano ya magari, alisema kwa upole, macho yake kwenye leso ambayo mama huyo wa Kizanzibari aliikumbatia kama mtoto mchanga. Bi Khamisa akafungua ncha moja. Ilikuwa chupa ya kioo, na maji yaling'aa ndani yake.

"Kombe hili, baba. Aya zilizoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi. Mwanangu Thamer anaendesha kesho."

Clifford akatazama huku na huku. Yeye mwenyewe alifika Dubai na maji ya maombi ambayo mamake alimfichia ndani ya soksi, kule Nyamira.

"Ingia basi. Supervisor akiuliza, mimi sijakuona."

Mwaka ule walifunga barabara za mtaa wa Deira ili vijana wapate mahali pa kukimbizana kwa magari. Thamer alimpokea mama yake kwa furaha, akamtembeza kwa miguu njia nzima. Kuta za zege zilisimama pande zote mbili. Palipokuwa na mzunguko wa barabara pamekuwa kona kali.

"Hapa, mama, kabla ya kona, nitakuwa kwenye kilomita mia mbili na arubaini kwa saa."

"Hapa ndipo ninaponunua samaki."

"Kesho samaki watatupisha," alisema Thamer, akacheka.

Bi Khamisa hakucheka. Alikwisha kuliona gari lenyewe: jembamba, kichwa cha dereva kiko nje, na magurudumu yote manne yako wazi, hayana hata bati la kuyafunika. Aliambiwa kwamba tairi likigusa tairi la mwenziwe, gari huruka. Hiyo haikumshangaza. Alikuwa mke wa fundi wa magari muda mrefu, mpaka siku mumewe Amour alipotoka kulijaribu gari la mteja na kurudishwa amefunikwa shuka.

Angeweza kumzuia kijana. Thamer alimjia wiki iliyopita, akapiga magoti na kusema, "Usiponipa radhi, mama, siendeshi. Khalas." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema la kufanya na mtoto anayesikia. Angemnyima, kijana angetii. Kisha angekaa naye sebuleni maisha yote, mpole, na jicho lake limezimika. Bi Khamisa hakuweza kulibeba hilo. Akampa radhi kwa ulimi, na tangu usiku ule hakupata usingizi.

Ndipo alipoitoa kabatini ile chupa ya marehemu. Amour alikuwa akitia humo petroli aliyoletewa, anaiinua juani kuangalia kama ni safi au ina maji, na yeye Khamisa anasimama kando na kikapu cha chakula.

Walipofika kwenye banda la timu, Nick, fundi kutoka Nakuru, alikuwa akifuta mikono.

"Karibu mama. Hiyo ndiyo dawa yetu ya kushinda?"

"Nipe basi ninywe," alisema Thamer. Kombe hunywewa, hata watoto wanajua.

Bi Khamisa aliirudisha chupa kifuani upesi. "Wewe radhi yangu inakutosha. Hili la gari. Niacheni kidogo nilisomee dua."

Wanaume wawili wakatazamana, wakatabasamu. Nani abishane na mama? Wakatoka nje kwenda kuzungumzia breki.

Bi Khamisa alinyunyiza gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Lakini magurudumu peke yake hayakumtosha. Pembeni lilisimama dumu la petroli ya kesho. Akalifungua kifuniko, akasema bismillahi, akamimina chupa nzima. Machozi yalimtoka pale pale, akayafuta kwa leso kabla hawajarudi.

Kesho yake magari yalitoka kwa mzunguko wa taratibu, wa kupasha moto matairi. La Thamer likakohoa. Likakohoa tena. Likazimika mbele ya soko la samaki, na wasukumaji wakaja kuliondoa njiani kama punda aliyegoma.

Mashindano yakaendelea bila yeye. Wote waliobaki walimaliza salama, hakuna aliyekwaruzika hata kidole, na hilo ndilo lililomchoma Bi Khamisa kuliko yote.

Nick alikinga petroli kwenye gilasi. "Cheki hii. Maji imekaa hapa chini. Huyo aliyetuuzia ni mwizi kabisa!"

Jioni Thamer alimrudisha mama yake nyumbani. Aliketi chini, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake na kulia kama alivyolia siku ya maziko ya baba yake. Bi Khamisa alimpapasa nywele.

"Mama," alisema Thamer akiinua kichwa, "pengine kuna kheri ndani yake. Nani ajuaye kombe lako limenikinga na nini?"

"Mungu ndiye ajuaye, mwanangu."

"Mwezi ujao tuko Bahrain, inshallah. Nataka twende sote. Na unifanyie tena lile kombe, usinisahau."

"Nitakufanyia."

Thamer akambusu mkono, akaenda kulala. Bi Khamisa akaingia jikoni, akaisuuza chupa ya marehemu. Kisha akafungua bomba, akaijaza maji matupu mpaka shingoni na kuifunga kwenye leso, yote kama alivyofanya mara ya kwanza.