Masahihisho ya Penseli

Tangu ipigwe marufuku mtu kuseti injini mwenyewe, kitabu cha kazi hiyo ndani ya nyumba ni kifungo. Mkaguzi Ngwandu alimfungisha mume wangu kwa kitabu kimoja, wakati fundi ni mimi. Juzi gari la mkaguzi huyo lilipokosa nguvu, aliingia jikoni kwangu akinong'ona.

“Mama Tabu, mumeo alianza kujifunza kwa kitabu gani?”

Nikamtolea kilicho bora kuliko vyote, kutoka kwenye ndoo ya unga. Alipotoka tu, nikapiga simu polisi bila kutaja jina.

Jioni polisi wakamleta Ngwandu kwangu na pingu mikononi. Askari akafungua kile kitabu, ukurasa wa plagi za injini. “Masahihisho haya ya penseli ni ya mumeo?”

Ningeitikia tu, mambo yangeisha. Lakini Ngwandu alikuwa ananitazama, nami nilitaka ajue fundi ni nani.

“Ni yangu,” nikasema. “Na aliyepiga simu ni mimi.”