Picha ya Kupe

Picha ya kupe ilitoka sura ya kwanza tu. Sura tano zilizobaki za kitabu cha wafugaji zilitoka na nafasi tupu, na gari la Mpwapwa lilikuwa linanguruma uani likisubiri mzigo.

Mtaalamu aliyekuja na kompyuta mpya kutoka Dar alifuta jasho. Amri ya kuitambulisha picha kwa kompyuta aliiandika mwenyewe, na hiyo hapo kwenye skrini.

Bi Loisi, aliyepanga herufi za risasi za kuchapia katika kiwanda hicho cha uchapaji miaka thelathini, akainama begani pake.

"Kila sura umeizungushia mabano?"

"Ndiyo," alijibu bila kugeuka.

"Na picha umeitaja ndani ya mabano ya sura ya kwanza. Umeifungia humo, mwanangu. Sisi kibao cha kuchapia picha ya kurasa zote tulikiweka rafu ya mlangoni, kila mtu akione."

Kidole chake, kilicholika ncha kwa herufi, kikapanda juu ya bano la kwanza kabisa, kikatulia.

"Itaje hapa."

Mtaalamu akauhamisha mstari wa amri. Kupe akatoka sura ya pili, ya tatu, hadi ya sita, miguu yote minane ikihesabika.

Mtaalamu akasimama, akamwachia kiti.

"Shikamoo, mama," alisema. Hakuwa amemwamkia tangu asubuhi.